Ndege kongwe za abiria: Zavuta umati, lakini nani azirushe?

Na Mwandishi Wetu

JUNI mwaka 2019, wakati Ulaya na Marekani zilipokuwa zikiadhimisha miaka 75 tangu majeshi ya washirika yatue katika fukwe za Normandy, Ufaransa, umati wa watu ulikusanyika katika uwanja wa ndege wa Duxford, Uingereza, kutazama jambo ambalo wengi wao walidhani wasingeliona tena maishani. Zaidi ya ndege 20 za aina ya DC-3 na toleo lake la kijeshi, C-47, zilipangwa nyasini, zikawasha injini moja baada ya nyingine na kuruka kuelekea ng'ambo ya bahari. Baadhi yake zilikuwa zimevuka Atlantiki kutoka Marekani, zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 70.

DC-3 haipigi danadana angani, wala haina mbio za kuwashitua watazamaji. Ni ndege iliyobuniwa kubeba abiria na ambayo iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 17, 1935. Hata hivyo watu walilipa kiingilio, wakasimama juani na kuitazama ikipita.

Tukio hilo linarejesha swali ambalo wapenzi wa usafiri wa anga wamekuwa wakijiuliza kwa miaka mingi: je, yanaweza kufanyika maonyesho ya ndege kongwe za abiria pekee, yaani zile za mapangaboi za miaka ya 1940 na 1950 pamoja na jeti za kizazi cha kwanza, zikiruka mbele ya watu kama zilivyokuwa zikiruka enzi zake?

Maonyesho ya ndege yanayofahamika zaidi duniani yako ya namna mbili. Yapo ya biashara, kama yale ya Paris yaliyoanza mwaka 1909 na ya Farnborough nchini Uingereza, ambako ndege mpya huletwa ili zinunuliwe. Yapo pia ya burudani, ambako ndege za kivita na za michezo hutawala anga. Makubwa kati ya haya ya pili ni yale ya Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, yanayofanyika kila Julai na ambayo katika miaka ya karibuni mahudhurio yake yamepita watu 600,000. Katika yote hayo ndege kongwe ya abiria huwa ni mgeni wa pembeni. Huja moja au mbili, hupita mara chache juu ya umati, kisha hutua.

Mvuto wake ni wa aina nyingine. Ni watu wachache mno waliowahi kuketi ndani ya ndege ya kivita, lakini ndege ya abiria ni chombo ambacho mtazamaji mwenyewe, au baba yake, alipanda akienda masomoni, kazini au kuzika. Anapoiona tena anaona safari yake. Ndiyo maana mzee anayeweza kupita mbele ya ndege ya kivita bila kugeuka, husimama muda mrefu kuangalia ngazi, madirisha na viti vya ndege ya abiria.

Kumbukumbu hiyo haiko Ulaya na Marekani tu. Mei 2, 1952, ndege ya Comet ilipoanzisha safari ya kwanza duniani ya jeti yenye abiria waliolipa nauli, haikwenda New York. Ilitoka London kwenda Johannesburg, ikitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Entebbe iliingia katika orodha ya viwanja vinavyohudumiwa na jeti za abiria kabla ya miji mikubwa mingi ya dunia. Miaka minane baadaye, mwaka 1960, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilipata Comet zake lenyewe.

Kuna pia suala la sauti. Injini ya pistoni ya zamani haiwaki kimya kimya. Hukohoa, hutoa moshi mzito, panga moja huzunguka nusu na kusita, kisha injini yote hushika. Jeti za miaka ya 1960 nazo zilikuwa na mngurumo uliotetemesha vioo vya nyumba. Ni vigumu kuamini kwamba miaka 50 ijayo kuna atakayelipa kiingilio kusikiliza injini za leo, ambazo zimetengenezwa makusudi zisisikike.

Wala si kweli kwamba ndege ya abiria haina cha kuonyesha angani. Agosti 7, 1955, rubani wa majaribio wa kampuni ya Boeing, Tex Johnston, aliichukua ndege ya mfano iliyozaa Boeing 707 na kuibingirisha juu ya Ziwa Washington karibu na Seattle, mbele ya wakuu wa mashirika ya ndege waliokuwa wakitazama mashindano ya boti. Ndege ilipinduka tumbo juu na kurejea salama. Mkuu wa kampuni hiyo, Bill Allen, hakufurahishwa hata kidogo. Leo rubani atakayejaribu mchezo huo akiwa na ndege ya abiria juu ya umati atapoteza leseni kabla hajashuka ngazi. Kinachoruhusiwa kwa kawaida ni kupita chini kwa mwendo wa pole, kukata kona, kuteremsha magurudumu na kutua.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, nao hautofautiani sana na ugumu wa kumtunza mgonjwa mzee: kila kiungo kinahitaji uangalizi, na waliozoea kukitibu wamestaafu.

Chukua mfano wa Super Constellation, ndege ya mapangaboi manne ambayo wengi huiita nzuri kuliko zote zilizowahi kubeba abiria. Kila injini yake ina silinda 18, na kila silinda ina plagi mbili. Kwa injini nne hizo ni silinda 72 na plagi 144, na kila moja inaweza kuleta hitilafu asubuhi ya maonyesho. Injini hizo zinatumia petroli maalumu ya ndege, si mafuta ya jeti yanayotumika leo katika viwanja vikubwa. Katika viwanja vingi vya Afrika petroli hiyo ni adimu, na pale inapopatikana ni kidogo, kwa ajili ya ndege ndogo. Nchini Marekani, mamlaka ya anga imelenga kuachana na petroli yenye risasi ifikapo mwisho wa mwaka 2030, na injini kubwa za zamani ni miongoni mwa zile ambazo si rahisi kuzipatia mbadala.

DC-3 imedumu kwa sababu ni ndege nyepesi kuitunza. Ina injini mbili tu, na zaidi ya hapo chumba chake cha abiria hakijazwi hewa ya shinikizo. Ndege zinazoruka juu sana hujazwa hewa ili abiria wapumue, hivyo katika kila safari mwili wa ndege huvimba kidogo na kunywea, kama mpira unaopulizwa na kuachiwa. Baada ya maelfu ya safari, metali huchoka na kupasuka. Dunia ilijifunza hilo kwa machungu mwaka 1954, pale Comet mbili zilipopasukia angani juu ya Bahari ya Mediterania, moja Januari karibu na kisiwa cha Elba na nyingine Aprili kusini mwa Italia. Wachunguzi waliuingiza mwili wa Comet nyingine katika tangi la maji huko Farnborough na kuujaza na kuuachia shinikizo mara kwa mara, hadi ulipopasuka. DC-3 haina mzigo huo. Mwili wake hauhesabu safari kwa namna hiyo.

Kwa ndege kubwa zaidi, kinachoamua mara nyingi ni mfuko wa mfadhili. Kisa kimoja kinamhusu msomaji wa Afrika moja kwa moja. Ndege aina ya DC-6B iliyojengwa mwaka 1958 kwa ajili ya Rais Josip Broz Tito wa Yugoslavia, baadaye ilikwenda Zambia kumtumikia Rais Kenneth Kaunda, ikaachwa Lusaka kwa miaka mingi, kisha ikapelekwa Namibia ambako ilibeba watalii. Mwaka 2000 ilinunuliwa na Flying Bulls, kikosi cha ndege za kale chenye makao yake Salzburg, Austria, kinachogharimiwa na kampuni ya vinywaji ya Red Bull. Ikafanyiwa ukarabati wa miaka kadhaa, ikang'arishwa hadi ikawa kama kioo, na ikawa kivutio katika maonyesho ya Ulaya. Bila kinywaji hicho, pengine leo ingekuwa masufuria.

Fedha nazo huwa hazitoshi. Nchini Uswisi, Super Constellation iliyokuwa ikifadhiliwa na kampuni ya saa ya Breitling iliacha kuruka baada ya ukaguzi kubaini kutu, na chama kilichokuwa kikiimiliki kikashindwa kumudu gharama za matengenezo. Lufthansa, shirika kubwa lenye karakana na wahandisi wake, lilinunua mwaka 2007 mabaki ya ndege tatu za Starliner, mdogo wa mwisho katika ukoo wa Constellation, kwa nia ya kurusha moja. Kazi ilifanyika Marekani kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2018 shirika lilisitisha mradi, na ndege hiyo ikafunguliwa vipande na kusafirishwa kwa meli hadi Ujerumani bila kuruka hata mara moja.

Kama hali ni hiyo kwa mapangaboi, kwa jeti za kizazi cha kwanza ni ngumu maradufu. Ulaya ilipiga marufuku jeti zenye kelele za kiwango cha zamani kuanzia Aprili 1, 2002, na Marekani ilikuwa imefanya hivyo kwa jeti kubwa kufikia mwisho wa mwaka 1999. Inawezekana kuomba kibali maalumu kwa siku moja. Lakini kibali cha kelele ni hatua ndogo kabisa. Ndege haiwezi kuruka kihalali bila kampuni inayokubali kubeba jukumu la kitaalamu juu yake, yaani kuchora upya vipuri, kuamua ufa upi ni wa hatari na kutia saini.

Concorde ni ushahidi. Mwaka 2003, kampuni ya Airbus ilipotangaza kuacha kuihudumia, ndege hiyo haikuwa na njia nyingine ila kustaafu. Safari yake ya mwisho, Novemba 26 mwaka huo, ilikuwa ya kurejea Filton, jirani na mji wa Bristol. Wapo waliojitokeza kutaka moja ibaki ikiruka kwa ajili ya sherehe na maonyesho. Haikuwezekana. Jambo hilo hilo liliikuta Vulcan, ndege ya kivita ya Uingereza iliyorejeshwa angani mwaka 2007 kwa michango ya wananchi. Mwaka 2015 iliacha kuruka ingali na mashabiki na wachangiaji, kwa kuwa kampuni zilizokuwa zikiidhamini kitaalamu ziliamua kuacha.

Halafu kuna wa kuirusha. Jeti nyingi za miaka ya 1960 zilihitaji rubani, rubani msaidizi na mhandisi wa ndege aliyeketi nyuma yao akiangalia mafuta, umeme na shinikizo. Kada hiyo ya tatu imekaribia kutoweka katika usafiri wa kisasa. Anayeijua kazi amezeeka. Kijana anayetaka kuijifunza hana darasa wala mashine ya kujifunzia.

Yote hayo ni gharama na usumbufu. Lakini kuna hoja moja isiyohesabika kwa fedha, nayo ni ya uhai wa watu.

Agosti 4, 2018, ndege aina ya Junkers Ju 52 iliyojengwa mwaka 1939 ilianguka karibu na mlima Piz Segnas nchini Uswisi ikirejea kutoka Locarno. Watu wote 20 waliokuwamo, abiria 17 na wahudumu watatu, walikufa. Walikuwa wamelipa nauli ili wafurahie safari ya kizamani juu ya milima. Uchunguzi uliokamilika mwaka 2021 ulieleza kwamba marubani waliiingiza ndege chini mno katika bonde jembamba bila kujiachia nafasi ya kutokea. Wachunguzi walikuta pia kutu na kasoro za matengenezo, ingawa hawakuzitaja kuwa ndizo zilizoiangusha. Kampuni iliyoiendesha haikuruhusiwa tena kubeba abiria kibiashara, na mwanzoni mwa mwaka 2019 Lufthansa nayo ikatangaza kuacha kupakia abiria katika Ju 52 yake.

Chini ya mwezi mmoja kabla ya ajali hiyo, Julai 10, 2018, Convair 340 ilikuwa imeanguka karibu na uwanja wa Wonderboom, Pretoria, Afrika Kusini, na kuua. Hiyo ilikuwa imetolewa zawadi kwa jumba la makumbusho nchini Uholanzi, na ilikuwa katika safari ya majaribio kabla ya kuanza safari ndefu ya kwenda kupumzika. Injini yake moja ilishika moto muda mfupi baada ya kuruka.

Isidhaniwe kwamba uzee peke yake ndio hatari. Juni 26, 1988, Airbus A320 iliyokuwa mpya kabisa ilianguka msituni ikipita chini mno katika maonyesho madogo ya Habsheim, Ufaransa. Ilikuwa imebeba watu 136, na watatu walipoteza maisha. Mtu hahitaji kuwa mtaalamu wa anga kuona funzo lililomo: abiria na onyesho havikai pamoja. Ndege kongwe inaweza kuruka mbele ya watu ikiwa na wanaoihitaji kuirusha tu. Anayeuza tiketi za kupanda humo anauza kitu kingine, hata akikiita urithi. Hoja kwamba bila nauli hizo ndege nyingi zisingepata fedha za matengenezo ni ya kweli, na ndiyo inayofanya jambo hili liwe gumu.

Je, kuna njia? Ipo, na waliofanikiwa wameipata kwa kupunguza matarajio.

Huko Australia, chama cha kujitolea kiitwacho HARS kina Constellation iliyojengwa mwaka 1955, iliyochukuliwa jangwani Arizona na kuwasili Sydney mwaka 1996. Machi 8, 2015, chama hicho kilipokea mgeni mkubwa zaidi: Boeing 747-400 ya Qantas, ile iliyoruka mwaka 1989 kutoka London hadi Sydney bila kutua kwa saa 20. Safari yake ya mwisho ilichukua dakika 15 hivi. Ilitua katika uwanja mdogo kusini mwa Sydney wenye barabara ya kurukia yenye upana wa mita 30, wakati ndege za ukubwa huo zimezoea mita 45 au zaidi. Haitaruka tena. Watu walijaa kandokando ya uwanja kuona kutua kule kumoja.

Afrika Kusini ilikuwa imetangulia. Machi 2004, Boeing 747 ya kwanza ya shirika la ndege la nchi hiyo, iitwayo Lebombo, ilitua katika uwanja wa Rand, Germiston, wenye barabara isiyofika mita 1,800, tena mahali palipo juu sana kutoka usawa wa bahari. Miaka miwili baadaye ikafuata 747SP. Zote mbili ziko hapo katika makumbusho ya shirika hilo, na wageni huingia ndani.

Boeing 707 ya kwanza ya Qantas, ya mwaka 1959, nayo ilikuwa imetelekezwa katika uwanja wa Southend, Uingereza, hadi mafundi wastaafu waliposafiri kwenda kuifufua. Desemba 2006 ilitua Sydney, na mwaka uliofuata ikafikishwa Longreach, katika makumbusho yake. Jeti hizo nne zimepewa ruhusa ya kurudi nyumbani tu, na safari hiyo ya kurudi ndiyo iliyokuwa onyesho.

Njia nyingine ni kuacha kuruka kabisa na kubaki ardhini. Kwa miaka mingi, katika uwanja wa zamani wa kijeshi wa Bruntingthorpe, katikati ya Uingereza, mashabiki walikuwa wakiiwasha Comet iitwayo Canopus, ambayo iliruka mara ya mwisho mwaka 1997, na kuikimbiza kwenye barabara ya kurukia hadi pua ikaribie kunyanyuka, kisha kuisimamisha. Mtazamaji alipata mngurumo, moshi na harufu ya mafuta, na hapakuwa na haja ya cheti cha kuruka. Kwa yeyote anayefikiria maonyesho ya ndege kongwe za abiria leo, huu ndio mpango unaotekelezeka: DC-3 chache angani, jeti zikitembea ardhini, nyingine zikiwa wazi kwa wageni kupanda ngazi.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki swali ni tofauti kidogo, kwa sababu ndege zao hazipo nyumbani. Super VC10, yenye injini nne mkiani, ilibuniwa mahsusi kwa viwanja vya joto vilivyo juu ya usawa wa bahari, Nairobi ikiwa mojawapo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa nazo tano. Moja iliteketea Addis Ababa Aprili 18, 1972, iliposhindwa kuruka, na watu 43 wakafa. Shirika liliposambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, nne zilizobaki zilirudishwa Uingereza na kugeuzwa matangi ya kuwajazia mafuta angani marubani wa jeshi la anga la nchi hiyo.

Zilifanya kazi hiyo hadi Septemba 2013. Mwezi huo, moja kati yake, iliyokuwa VC10 ya mwisho kujengwa duniani, ilitua katika uwanja wa Dunsfold na kukabidhiwa kwa makumbusho ya Brooklands. Ilipoletwa Afrika Mashariki mwaka 1970 ubavuni iliandikwa 5H-MOG, na 5H ni alama ya usajili wa ndege za Tanzania.

Makumbusho hayo yana VC10 nyingine, iliyofika huko mwaka 1987. Ilikuwa ya Sultan Qaboos wa Oman.